Kutoka jadi hadi usasa: nadharia ipi ya sosholojia ikusaidie? Ulinganisho kupitia kesi ya S.M. Otieno

Mwanafunzi wa sosholojia anayeandika tasnifu kuhusu mabadiliko ya jamii hukutana mapema na orodha ya majina: Tönnies, Durkheim, Weber, Marx, Parsons, Rostow. Vitabu vingi vya kiada huwapanga kwa mfuatano wa miaka, humpa kila mmoja kurasa chache, kisha humwachia msomaji kazi ya kuchagua bila kumwonyesha achague kwa kigezo gani. Ndiyo maana sura nyingi za nadharia huwataja wote na zisimtumie hata mmoja. Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia mwanafunzi huyo, na vilevile mwandishi wa habari au afisa maendeleo ya jamii anayetaka kueleza kwa nini watu waliosoma, wanaoishi mjini na kulipwa mishahara, bado hufanya maamuzi yao makubwa kwa kuuliza ukoo unasemaje. Nimezipima nadharia hizo kwa tukio moja ambalo kumbukumbu zake ziko wazi, ili kila moja ionyeshe inachokiona na inachokipita.

Tukio lenyewe ni la Kenya. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai jijini Nairobi, alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui Otieno, alikuwa Mkikuyu wa familia ya Waiyaki na mpigania uhuru ambaye serikali ya kikoloni iliwahi kumweka kizuizini Lamu. Walifunga ndoa kwa sheria ya serikali mwaka 1963. Mjane alitaka kumzika mumewe katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, nje kidogo ya Nairobi, akieleza kwamba hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya marehemu mwenyewe. Ndugu wa marehemu na viongozi wa ukoo walidai kwamba Mjaluo huzikwa kwao, na kwamba kwao Otieno ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulibaki mochari jijini Nairobi huku shauri likipanda na kushuka mahakamani. Mwezi Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo haki ya kuzika, Mahakama ya Rufaa ikathibitisha uamuzi huo tarehe 15 Mei, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo, bila mjane kuhudhuria.

Nimelichagua shauri hili kwa sababu marehemu alikuwa na karibu kila sifa ambayo vitabu huiita ya kisasa: elimu, taaluma, makazi ya mjini, ndoa nje ya kabila, maisha ya familia ndogo ya mume, mke na watoto. Kama kuna mtu ambaye nadharia zingetabiri kwamba ameshavuka kutoka jadi, ni yeye. Hata hivyo, mahakama ya dola ya kisasa iliamua kwamba hakuvuka. Nadharia inayostahili kuchaguliwa ni ile inayoweza kueleza jambo hilo bila kuwadharau wahusika wa upande wowote.

Tönnies na Durkheim: ni nini kinachowashikamanisha watu?

Ferdinand Tönnies, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1855 katika familia ya wakulima huko Schleswig, alitoa mwaka 1887 mgawanyo ambao wengi wanautumia hadi leo hata pasipo kulijua jina lake. Kwa upande mmoja kuna jumuiya inayojengwa na damu, ujirani na imani, ambamo watu huwa pamoja hata pale mambo yanapowatenganisha. Kwa upande wa pili kuna jamii ya mikataba na maslahi, ambamo watu hubaki mbalimbali hata pale mambo yanapowakutanisha. Mgawanyo huo unafaa kama msamiati wa kuanzia. Haufai zaidi ya hapo, kwa kuwa hauonyeshi wazi ni nguvu gani inayowahamisha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na humvuta mtumiaji wake katika kuililia jumuiya iliyopotea, kana kwamba ndani yake hapakuwa na dhuluma wala ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Émile Durkheim ndiye aliyelitafutia suala hilo utaratibu. Katika kazi yake ya mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, alieleza kwamba jamii ya jadi hushikamana kwa sababu watu wake wanafanana: wanafanya kazi zilezile, wanaamini yaleyale, na kosa la mmoja huwa tusi kwa wote, hivyo sheria yake ni ya kuadhibu. Jamii ya kisasa hushikamana kwa sababu watu wake wanatofautiana na kwa hiyo wanahitajiana: daktari hawezi kuishi bila mkulima, mkulima bila fundi, na sheria inaegemea zaidi katika kurudisha haki na kulipa fidia kuliko kuadhibu. Kinachosukuma mabadiliko ni wingi wa watu na ukaribu wao. Idadi inapoongezeka, miji inapokua na mawasiliano yanapokuwa mepesi, ushindani huongezeka, na watu huukwepa kwa kila mmoja kushika kazi yake maalumu.

Ubora wa nadharia hii ni kwamba inatoa sababu na inatoa kipimo. Mtafiti anaweza kuzihesabu kazi, kuzichunguza sheria, kuilinganisha mitaa. Udhaifu wake unajitokeza mara tu tunapoipeleka Nairobi. Durkheim alitarajia kwamba ukoo ungedhoofika kadiri mgawanyo wa kazi unavyoongezeka, na katika utangulizi wa toleo la pili la mwaka 1902 alipendekeza vyama vya kitaaluma vichukue nafasi iliyoachwa wazi. Kwa mantiki hiyo, chama cha mawakili kingepaswa kuwa na sauti kubwa juu ya mwili wa wakili kuliko ukoo. Ilivyokuwa ni kinyume chake: ukoo ulikuja mahakamani ukiwa na viongozi wanaojulikana, wakili wa kuutetea, mashahidi, na wanachama wanaoishi mjini humohumo. Mji haukuumaliza ukoo, na kwa namna fulani uliupa mpangilio ambao kijijini haukuuhitaji.

Hata hivyo, naona ni kosa kumwacha Durkheim hapo, kwa sababu aliandika tena mwaka 1912 kuhusu misingi ya maisha ya dini, na kazi hiyo inalielewa shauri la Otieno vizuri kuliko ile ya 1893. Humo anaeleza kwamba maombolezo hayatoki tu moyoni mwa mtu mmojammoja. Ni wajibu ambao kikundi humwekea kila aliyemo, kwa kuwa kifo kimekipunguza kikundi na kikundi hakina budi kukusanyika ili kijihakikishie kwamba bado kipo. Ukiisoma kesi kwa jicho hilo, unaelewa kwa nini mazishi, ambayo hayakuwa na faida yoyote ya kiuchumi iliyo dhahiri, yaliwakusanya watu kwa miezi mitano, na kwa nini suala la nani amzike lilikuwa zito kuliko suala la nani atunze nyumba. Kila mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwekwa katika kundi la WhatsApp la michango ya mazishi, akaona majina na kiasi alichotoa kila mmoja yakitangazwa kila jioni, anajua kwamba wajibu huo ni halisi hata pale fedha zenyewe zinapopitia simu ya mkononi.

Weber: nani anatiiwa, na kwa sababu gani?

Max Weber hakuianza hoja yake na mshikamano. Alianza na swali la utii: watu wanapokubali amri, wanaikubali kwa msingi gani? Alitaja misingi mitatu. Kuna mamlaka ya jadi, ambayo hutiiwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kuna mamlaka ya karama, ambayo hutiiwa kwa sababu ya mtu mwenyewe anayeaminika kuwa na kipaji kisicho cha kawaida. Na kuna mamlaka ya kisheria, ambayo hutiiwa kwa sababu kanuni imepitishwa kwa utaratibu na mwenye cheo anaitekeleza bila kujali anayemhudumia ni nani. Kwake, usasa ni kupanuka kwa msingi huo wa tatu, pamoja na hesabu, kumbukumbu za maandishi, ofisi, na imani kwamba kila kitu kinaweza kujulikana na kupangwa. Katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1917 alizungumzia jinsi ulimwengu unavyovuliwa miujiza yake, na hakulizungumza jambo hilo kwa furaha.

Jambo ninalolipenda kwa Weber, na linalomfanya awe chaguo bora kwa tafiti nyingi za kwetu, ni kwamba aina zake tatu ni vipimo vya fikra tu. Hakudai kwamba jamii halisi itapatikana ikiwa ya aina moja tupu. Ofisi moja ya kata inaweza kuwa na kanuni zilizochapishwa ukutani, mtendaji anayeheshimiwa kwa sababu ya ukoo wake, na diwani anayefuatwa kwa sababu ya ufasaha wake, vyote kwa pamoja, na Weber anakuruhusu kuvipima vyote bila kulazimika kusema kwamba kata hiyo iko njiani kuelekea mahali fulani.

Katika shauri la Otieno, chombo hiki kinatoa jibu ambalo wengine hawalitoi. Mila haikuishinda sheria ya kisasa kwa kuwa na nguvu kuliko sheria. Iliingia mahakamani kwa kifungu cha sheria. Sheria ya Mahakama ya Kenya ya mwaka 1967, katika kifungu chake cha tatu, iliwaelekeza majaji waongozwe na sheria za kimila katika mashauri ya madai ambayo mmoja au zaidi ya wahusika yuko chini ya sheria hizo, mradi zisipingane na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Kwa hiyo mamlaka ya kisheria ndiyo iliyoipa mamlaka ya jadi kiti chake. Na mila ilipokikalia kiti hicho, ililazimika kubadilika: desturi ambayo wazee huijadili kulingana na mazingira ya kila msiba ilibidi ielezwe na mashahidi, ihojiwe na mawakili, na iandikwe katika hukumu ambayo itanukuliwa katika kesi zitakazofuata. Mmoja wa mashahidi wa upande wa ukoo alikuwa mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Profesa akitoa ushahidi wa kitaalamu juu ya desturi za kwao, mbele ya jaji aliyevaa joho la Kiingereza, ni picha ambayo mgawanyo wa Tönnies hauna pa kuiweka, lakini Weber anayo: ni jadi inayogeuzwa kuwa kanuni.

Tanzania ilipitia jambo la jinsi hiyohiyo kwa njia ya moja kwa moja zaidi, pale serikali ilipotangaza mwaka 1963 sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikiwa zimeandikwa na kuunganishwa, hata maswali ya mirathi na ulezi wa watoto yakapata vifungu vyenye namba. Anayetafiti mirathi ya wajane nchini humo atamhitaji Weber kabla ya mtu mwingine yeyote.

Udhaifu wake upo katika chanzo cha mambo. Weber anaeleza kwa ustadi jinsi mamlaka yanavyofanya kazi, lakini anayetaka kujua kwa nini Wajaluo wa Nairobi walikuwa Nairobi, na kwa nini shamba la Siaya lilibaki kuwa mahali pa kurudi, hana budi kumtafuta mwingine.

Marx: nani alimtoa mtu shambani?

Kwa Karl Marx, maneno jadi na usasa yanaficha swali lenyewe, ambalo ni njia za uzalishaji ziko mikononi mwa nani. Katika juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu, iliyotoka mwaka 1867, alionyesha kwamba mfanyakazi huru wa Uingereza hakuzaliwa kwa maendeleo ya fikra. Alitengenezwa kwa kuondolewa kwenye ardhi, kwa mashamba ya pamoja kuzungushiwa uzio na wenye mali, kwa sheria na kwa mabavu. Mtu asiye na shamba hana cha kuuza isipokuwa nguvu zake.

Afrika Mashariki inaithibitisha hoja hiyo na wakati huohuo inaipindisha. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakafanya hivyo katika himaya yao ya Kenya mwaka 1901, mwaka uleule ambao reli ilifika Kisumu. Kodi ya fedha taslimu ilimlazimu mwanamume kutafuta kazi ya fedha taslimu, iwe relini, bandarini Mombasa, kwenye mashamba ya walowezi au kwenye mikonge ya Tanga. Hapo ndipo njia yetu ilipoachana na ya Uingereza, kwa kuwa familia nyingi katika maeneo yaliyotoa vibarua hazikuondolewa kabisa kwenye ardhi. Mwanamume alikwenda, mke na shamba wakabaki, na mwajiri akalipa mshahara wa mseja kwa sababu chakula cha watoto, matibabu ya mgonjwa na matunzo ya uzeeni yalitolewa na kijiji. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya na kutoa ripoti mwaka 1954, ilipendekeza mshahara unaoweza kumtunza mfanyakazi pamoja na familia yake, na pendekezo hilo lenyewe linatosha kuonyesha hali ilivyokuwa kabla.

Ukilifahamu hilo, desturi ya kurudishwa nyumbani kuzikwa inapata maana nyingine. Mji ulimtumia mtu alipokuwa na nguvu na haukujipangia kumtunza azeekapo wala kumzika afapo, kwa hiyo kudumisha uanachama wa ukoo kulikuwa bima pekee iliyopatikana. Kinachoonekana kama mabaki ya kale kilikuwa sehemu ya uchumi wa kisasa wa kikoloni tangu mwanzo wake. Hoja hii ndiyo, kwa maoni yangu, zawadi kubwa kuliko zote ambazo nadharia za mabadiliko zimetupatia, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wengi hufundishwa Marx kama orodha ya mifumo mitano ya uzalishaji ya kukariri, kuanzia ujima hadi ukomunisti, wasiione kazi hii.

Lakini Otieno mwenyewe hakuwa kibarua. Alikuwa wakili mwenye mali, na ukoo haukumhitaji kama bima wala yeye hakuuhitaji. Marx anaieleza barabara ambayo desturi ilipitia hadi ikawa na nguvu. Haelezi vya kutosha kwa nini iliendelea kumdai mtu ambaye hali yake ya kitabaka ilikuwa imeshamtoa humo. Ukimlazimisha, utaishia kusema kwamba wahusika walikuwa wakigombea mali tu na kwamba mengine yote yalikuwa kisingizio, na hapo utakuwa umewakataa mashahidi kabla ya kuwasikiliza.

Nadharia ya utegemezi, inayosema kwamba umaskini wa nchi zetu ulitengenezwa na uhusiano wake na nchi tajiri, na ambayo kwetu inahusishwa na mwanahistoria Walter Rodney na kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1972 London na Dar es Salaam, huuchukua mtazamo huu hadi ngazi ya dunia. Ichague kama swali lako ni kwa nini mkonge ulilimwa Tanga na bidhaa zake zikatengenezwa kwingineko. Kwa mazishi ya mtu mmoja haina msaada mkubwa.

Nadharia ya usasaishaji: hatua, na mtu anayezipanda

Baada ya Vita Kuu ya Pili wanazuoni wa Marekani walizichukua hoja za Durkheim na Weber wakazigeuza kuwa ramani ya safari. Talcott Parsons, mwaka 1951, alitoa jozi za sifa: kuthamini mtu kwa kuzaliwa kwake au kwa mafanikio yake, kumhukumu kwa undugu au kwa kanuni zinazomhusu kila mtu, na kadhalika. Walt Rostow, mwaka 1960, akaweka hatua tano za ukuaji wa uchumi, kuanzia jamii ya jadi hadi zama za matumizi makubwa. Alex Inkeles na David Smith wakatafuta katika nchi 6, Nigeria ikiwa mojawapo, ni mambo gani yanayomfanya mtu awe na fikra za kisasa, na wakakuta kwamba shule na kiwanda vina uzito mkubwa.

Nadharia hii ina mvuto ambao haifai kuukana. Ni nyepesi kueleweka, inapimika kwa hojaji, na serikali mpya zilizopata uhuru miaka ya 1960 ziliipenda kwa kuwa iliahidi mahali pa kufika. Lakini ilipotumiwa kama sera ilituumiza. Ujumbe wa Benki ya Dunia uliotoa ripoti yake kuhusu Tanganyika mwaka 1961 ulishauri kwamba badala ya kumboresha mkulima mahali alipo, baadhi ya wakulima wahamishiwe katika makazi mapya yenye mashine na usimamizi wa karibu, waachane na mazingira ya jadi yanayowafunga. Makazi hayo yaligharimu fedha nyingi, yakazaa madeni na utegemezi kwa serikali, na mpango ukaachwa mwaka 1966. Wakulima hawakushindwa kwa sababu ya kuwa wa jadi. Walioupanga mpango hawakuuliza watu hao walikuwa wakipata nini kutokana na mahusiano yaliyoitwa kizuizi.

Katika mahakama ya Nairobi, hoja ya upande wa mjane ilikuwa karibu sana na nadharia hii: kwamba kwa elimu yake, ndoa yake na namna alivyoishi, Otieno alikuwa ameshatoka chini ya sheria za kimila. Mahakama ilikataa, ikishikilia kwamba mtu aliyezaliwa na kulelewa Mjaluo hawezi kujivua hivyo. Uamuzi wa majaji hauwezi kuwa jaribio la kisayansi, na sisemi kwamba nadharia ilianguka kwa sababu upande mmoja ulishindwa kesi. Ninachosema ni kwamba nadharia yenyewe haina njia ya kueleza matokeo hayo isipokuwa kwa kuyaita ucheleweshaji, na neno kama hilo halielezi kitu.

Kuna jambo la haki ambalo ni lazima liandikwe hapa. Wambui Otieno alitumia lugha ya usasa kwa sababu ndiyo lugha pekee iliyompa nafasi ya kusema kama mke, na sheria ya kimila kama ilivyoelezwa mahakamani haikumpa nafasi hiyo. Wanawake wengi wa Kenya walioifuatilia kesi hiyo walielewa kwamba swali liliwahusu wao pia. Nadharia ya usasaishaji ni dhaifu katika kueleza, lakini iliulinda msamiati wa haki ya mtu kujiamulia, na anayeikataa hana budi kueleza msamiati huo ataupata wapi kwingine. Inauma zaidi kukumbuka kwamba utafiti wa Inkeles na Smith, uliotaka kumweleza mtu wa kisasa, uliwahoji karibu watu 6,000, na wote walikuwa wanaume.

Swali la kuuliza kabla ya kuchagua

Nadharia zote nilizozitaja zina tatizo moja la pamoja: zinaichukulia jadi kama kitu kilichokuwapo tayari, kikingoja kubadilishwa. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, alionyesha mwaka 1983 kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa mila za Kiafrika wakati wa ukoloni kilitungwa au kugandishwa na watawala wakishirikiana na wazee waliofaidika nacho. Mwanazuoni wa Uganda Mahmood Mamdani, mwaka 1996, akaeleza jinsi utawala wa kikoloni ulivyowagawa watu kuwa raia wa mjini wanaotawaliwa kwa sheria na wenyeji wa vijijini wanaotawaliwa kwa mila kupitia machifu. Tanganyika ilipata mfumo huo chini ya Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba jamii unayoichunguza inatoka jadi kwenda usasa, chunguza hiyo jadi iliandikwa lini, na nani, na kwa lugha ya ofisi gani. Wakati mwingine utakuta kwamba mwanzo wa safari ni mdogo kwa umri kuliko reli.

Sasa uchaguzi. Kama swali lako ni kwa nini watu wanaendelea kuchangiana, kukutana na kubebana katika miji mikubwa, mchague Durkheim, lakini umsome wa 1912 pamoja na yule wa 1893, na uwe tayari kuhudhuria misiba, vikao na harusi, kwa sababu ushahidi wake unapatikana pale watu wanapokusanyika. Kama swali lako linahusu mahakama, ofisi, mirathi, uchaguzi au viongozi wa dini, mchague Weber. Ushahidi wake uko katika hukumu, fomu na kumbukumbu za vikao, na katika maelezo ya watu kuhusu maana wanayoyapa matendo yao. Kama swali lako linahusu kuhama, ardhi, ajira au kijana anayeondoka kijijini, anza na Marx, na usiandike neno kabla ya kuzipitia hatimiliki, viwango vya mishahara na historia ya kodi ya eneo hilo. Nadharia ya usasaishaji ningeitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kuchunguza mipango ya maendeleo yenyewe, kwa kuwa wapangaji wengi bado wanafikiri ndani yake hata pale wasipoitaja.

Kuchanganya kunawezekana, ila si kila mchanganyiko unasimama. Weber na Marx wanakaa pamoja vizuri, Marx akieleza jinsi ardhi na kazi zilivyopangwa upya, Weber akieleza jinsi mpango huo ulivyopata uhalali machoni pa watu, na kwa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mashauri ya mirathi au migogoro ya ardhi, hao wawili ndio ningewashauri wengi wawachukue. Durkheim na Marx ni wagumu kuunganisha, kwa sababu wa kwanza huanza kwa kuuliza jamii inashikamana vipi na wa pili huanza kwa kuuliza nani ananyonywa; ukiwaweka katika sura moja bila kusema ni yupi unayemfuata panapotokea mgongano, msimamizi wako atakuuliza swali hilo katika utetezi, na utalazimika kuchagua mbele ya jopo ulichopaswa kukichagua kabla ya kwenda uwandani.